Barua Iliyoambiwa Irudi Baadaye: Namna ya Kupima Ucheleweshaji wa Chujio la Orodha ya Kijivu

Mwalimu mmoja wa sekondari, jirani yangu huku Kwa Mrombo, alitaka kuwaandikisha wanafunzi wake wanne katika mashindano ya sayansi ambayo usajili wake ulikuwa unafungwa siku ile ile saa sita usiku. Usajili ulifanywa kwa kompyuta. Ili kuthibitisha kwamba yeye ndiye mwalimu mhusika, alitakiwa kuandika tarakimu sita ambazo zingeletwa katika anwani ya barua pepe ya shule yake, kwa sharti kwamba azitumie kabla dakika 15 hazijapita. Akaketi katika duka la steshenari, akangoja. Tarakimu zilipofika zilikuwa zimekwisha muda. Akaomba nyingine, nazo zikafika zimechelewa. Saa mbili usiku mwenye duka akafunga mlango, na wale wanafunzi wanne hawakuandikishwa.

"Daktari," aliniambia kesho yake, "sisi tuko mbali mno. Mpaka barua itoke Ulaya, ipande setilaiti, ishuke, iuzunguke Mlima Meru ije hadi hapa, dakika 15 zimekwisha."

Maelezo hayo nimeyasikia kwa watu wengi, tena wasomi. Basi kabla ya jambo lolote jingine, na tuyapime kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Setilaiti za mawasiliano zinazoonekana kusimama mahali pamoja angani zimo kiasi cha kilomita 36,000 juu ya Ikweta. Ujumbe kwenda na jibu kurudi ni safari nne za urefu huo, yaani kilomita 144,000. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Gawanya, upate sekunde 0.48. Mitambo miwili ya barua hujibizana kama mara kumi hivi kabla barua haijapokelewa. Kwa hiyo hata kwa setilaiti, umbali hauli zaidi ya sekunde tano. Kwa waya wa nuru upitao chini ya bahari hesabu ni ndogo zaidi. Mwanga ndani ya kioo huenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, na hata tukiupa waya huo urefu wa kilomita 15,000, safari ya upande mmoja ni sekunde 0.075. Mlima Meru hauna hatia.

Tarakimu za mwalimu zilichelewa kwa nusu saa, yaani sekunde 1,800 hivi. Ucheleweshaji wa namna hiyo hauletwi na umbali. Kuna mahali barua ilizuiwa, na ilizuiwa kwa makusudi. Nilipomwuliza fundi anayetunza mtambo wa barua wa shule ile, alikiri mara moja kwamba ameweka kinga dhidi ya barua taka, kinga iitwayo orodha ya kijivu.

Msomaji afikirie bawabu wa lango ambaye kila mgeni asiyemfahamu humwambia, "Mwenyeji ana shughuli, rudi baadaye." Hamwulizi shida yake, wala hafungui mfuko wake. Mgeni mwenye haja ya kweli hurudi. Tapeli aliyepanga kubisha hodi katika nyumba elfu kumi kabla jua halijachwa hana nafasi ya kurudi katika nyumba yoyote. Bawabu huyu hutenganisha watu kwa subira yao, bila kusoma hata neno moja la barua walizobeba.

Njia hii ilipendekezwa na Evan Harris mwaka 2003. Aliiita ya kijivu kwa sababu inakaa kati ya orodha nyeusi, ya waliokatazwa kabisa, na orodha nyeupe, ya walioruhusiwa. Mtambo unaopokea barua hutazama vitambulisho vitatu tu: anwani ya tarakimu ya kompyuta inayobisha hodi, anwani ya mtumaji iliyoandikwa juu ya bahasha, na anwani ya mpokeaji. Ikiwa vitambulisho hivyo vitatu havijapata kuonekana pamoja, mtambo huandika saa ya kubisha hodi na kujibu kwa namba 451. Namba hiyo ina historia yake. Katika kanuni za kupeleka barua pepe zilizotolewa na Jonathan Postel mwezi wa Agosti 1982, majibu ya mitambo yalipewa tarakimu tatu. Jibu linaloanza na 2 lina maana ya kukubali. La 5 ni kukataa moja kwa moja. La 4 ni kushindwa kwa muda, yaani mtumaji aiweke barua katika foleni na kujaribu tena. Postel alikuwa akifikiria mitambo iliyojaa au iliyopatwa na hitilafu. Harris alitambua kwamba mtambo mzima, usio na hitilafu yoyote, unaweza kusema uongo mdogo na kujifanya mgonjwa ili kuijaribu tabia ya mgeni wake.

Hapa kwetu uongo huo ulikuwa na faida ambayo huko ng'ambo hawakuijali sana. Kabla waya wa SEACOM haujafika Dar es Salaam na Mombasa mwezi wa Julai 2009, Afrika ya Mashariki ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake mengi ya intaneti na nchi za nje, na njia hiyo ilikuwa nyembamba tena ghali. Chujio la kawaida linalosoma maneno ya barua halina budi kwanza kuipokea barua nzima, yaani taka imekwisha kulipiwa nauli ndipo itupwe. Orodha ya kijivu hukataa wakati bahasha tu imeonyeshwa. Mwili wa barua hausafiri. Kwa mtu aliyekuwa akilipia upana wa njia ya setilaiti, bawabu huyu alikuwa akiokoa fedha pamoja na kuokoa subira ya wasomaji. Simlaumu fundi wa shule kwa kumwajiri. Lililonisumbua ni kwamba hakuna aliyepata kupima gharama ya upande wa pili: barua halali inacheleweshwa kwa muda gani?

Jibu la haraka ni kwamba inachelewa kwa muda uliowekwa na bawabu. Jibu hilo si sahihi, na hapa ndipo somo linaponoga. Bawabu huweka muda wa chini tu. Mgeni akirudi kabla ya muda huo hufukuzwa tena. Baada ya hapo hupokelewa. Lakini ni lini atarudi, hilo huamuliwa na mgeni mwenyewe, kwa ratiba yake mwenyewe. Kwa hiyo ucheleweshaji ni ule wakati wa kwanza katika ratiba ya mtumaji unaoangukia baada ya muda wa mpokeaji. Watu wawili wasiojuana wameweka hesabu zao mbali mbali, na barua inakaa kati yao ikingoja hesabu hizo zikubaliane.

Tuchukue programu ya kupeleka barua iitwayo qmail, aliyoiandika Daniel J. Bernstein. Ratiba yake hufuata kanuni ya namba za mraba: hurudia baada ya sekunde 400, kisha sekunde 1,600 tangu mwanzo, kisha 3,600, kisha 6,400, yaani mraba wa 20, wa 40, wa 60 na wa 80. Sasa tuilete mbele ya mabawabu watatu. Wa kwanza ni Postgrey, programu ambayo kwa kawaida huweka muda wa sekunde 300. Barua itapita katika sekunde ya 400. Mpokeaji aliomba dakika tano, barua ikachelewa dakika sita na sekunde 40. Wa pili ni bawabu aliyewekewa dakika 25, yaani sekunde 1,500. Barua itafukuzwa mara mbili na kupita katika sekunde ya 1,600. Wa tatu ni Harris mwenyewe, ambaye katika pendekezo lake la kwanza aliweka saa moja kamili, sekunde 3,600. Mwanafunzi ataona kwamba ratiba ina 3,600 na atasema barua itapita hapo. Lakini qmail huhesabu tangu barua ilipozaliwa, na bawabu huhesabu tangu ilipobisha hodi, sekunde moja au mbili baadaye. Barua itafika mlangoni ikiwa imepungukiwa na sekunde moja, itafukuzwa, na itarudi katika sekunde ya 6,400. Saa moja imegeuka kuwa saa moja na dakika 46.

Ningependa walimu wa hisabati wawape wanafunzi wao kazi ya kuchora jambo hili. Mstari wa chini uwe muda wa bawabu, wa wima uwe ucheleweshaji halisi. Mchoro hautakuwa mstari ulionyooka unaopanda taratibu, utakuwa ngazi. Kwa umbali mrefu hakuna kinachobadilika, kisha kwa kuongeza sekunde moja tu barua inaruka daraja zima. Mtunza mtambo anayeongeza muda kutoka dakika 26 hadi 27 hudhani ameongeza dakika moja. Kwa watumaji wanaotumia qmail ameongeza dakika 33.

Programu nyingine ina ngazi nyingine. Exim, kwa maelekezo yake ya kawaida, hurudia kila dakika 15 kwa saa mbili za mwanzo, kisha huanza kupanua nafasi. Mbele ya bawabu wa dakika tano itachelewa dakika 15. Mbele ya yule wa dakika 25 itachelewa nusu saa. Tena hata hizo ni hesabu za karatasini, kwa maana ratiba haifanyi kazi mpaka mtumishi wa foleni aamke, na akiwa ameagizwa kuamka kila nusu saa, dakika 15 zilizoandikwa katika maelekezo hazina maana yoyote. Kanuni za barua pepe zilizochapishwa Oktoba 2008 zenyewe husema kwamba nafasi kati ya majaribio kwa kawaida isipungue dakika 30. Kwa hiyo mtumaji mtiifu kabisa wa kanuni ndiye anayechelewa zaidi kuliko asiye na subira. Fundi wa shule alikuwa ameacha dakika 25 kama alivyozikuta. Tarakimu zenye uhai wa dakika 15 hazikuwa na njia yoyote ya kufika zikiwa hai.

Sasa kupima. Kila mtambo unaopokea barua huigonga muhuri wenye tarehe na saa juu ya mihuri iliyotangulia, na mihuri hiyo huonekana mtu akifungua vichwa kamili vya barua. Husomwa kutoka chini kwenda juu. Kukataliwa hakuachi muhuri. Huonekana kama pengo tu kati ya muhuri wa mwisho wa mtumaji na ule wa mpokeaji. Tuseme, kwa mfano nilioutunga kwa ajili ya somo hili, mtambo ulioko Ujerumani umegonga 14:02:10 +0200, na mtambo wa Arusha umegonga 15:31:25 +0300. Mwanafunzi mwenye haraka atatoa na kupata saa moja na dakika 29. Hilo ni kosa, maana saa za mahali hapo pawili si moja. Yule wa kwanza ametangulia Greenwich kwa saa mbili, sisi tumetangulia kwa saa tatu. Tukirudisha zote Greenwich tunapata 12:02:10 na 12:31:25, na pengo ni dakika 29 na sekunde 15. (Nimewahi kumwona mwanafunzi wa chuo kikuu, tena hodari, akiisoma 15:31 kuwa saa tisa na dakika 31, jambo ambalo ni sawa kabisa, kisha akaiacha 14:02 jinsi ilivyo na kutoa moja katika nyingine. Saa zetu za Kiswahili ni nzuri, lakini zisichanganywe na za kigeni katika mstari mmoja wa hesabu.)

Je, pengo lote hilo ni la bawabu? La. Sehemu yake yaweza kuwa foleni ya mtumaji au saa ya ukutani isiyo sahihi. Mtambo ambao saa yake imetangulia kwa dakika mbili huweza kutoa barua iliyofika kabla ya kutumwa. Ndiyo maana mpimaji hapendi kutegemea saa mbili za mitambo miwili. Postgrey humsaidia: barua iliyocheleweshwa huongezewa mstari unaoanza kwa X-Greylist, unaotaja ni sekunde ngapi zimepita tangu ilipobisha hodi mara ya kwanza. Nyakati zote mbili zimepimwa kwa saa ile ile moja. Katika mfano wetu, mstari huo ukitaja sekunde 1,740, basi dakika 29 ni za bawabu na ratiba ya mtumaji, na sekunde 15 tu zimebaki kwa safari na mengineyo.

Baada ya kukusanya vipimo, mtu hushawishika kutafuta wastani na kuufunga mjadala. Na tuseme shule imepokea barua 200 kwa juma. Kati yake 190 zimetoka kwa watumaji ambao bawabu amekwisha kuwazoea, nazo hazikungoja hata kidogo. Kumi ni za wageni, na kila moja imengoja dakika 30. Jumla ni dakika 300. Gawanya kwa 200, upate dakika moja na nusu. Fundi atauonyesha wastani huo kwa mkuu wa shule na wote wawili wataridhika. Ukizipanga barua zote kutoka iliyowahi hadi iliyochelewa na kuitazama ile ya katikati, ndiyo kabisa, utakuta sifuri. Lakini hakuna barua hata moja iliyongoja dakika moja na nusu. Kuna zisizongoja na kuna zilizongoja nusu saa, na wastani umeanguka mahali pasipo na mtu. Kipimo cha haki ni kuwatenga wageni na kuwahesabu peke yao.

Na wageni ni nani? Bawabu ana usahaulifu wake. Harris alipendekeza kwamba mtumaji aliyekwisha kupita akumbukwe kwa siku 36 tangu barua yake ya mwisho. Postgrey huweka 35. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamivu, chuo nilichokuwapo kilitumia chujio la namna hii. Ndugu yangu wa hapa Arusha aliniandikia kila baada ya miezi miwili. Kila alipobisha hodi alikuwa amekwisha kusahauliwa, na kila mara aliambiwa arudi baadaye. Kampuni iliyoniuzia vitabu, ambayo iliniandikia matangazo kila siku bila kuombwa, haikupata kusimamishwa langoni hata mara moja baada ya siku ya kwanza. Gharama ya kinga hii humwangukia mwandishi wa nadra, na katika nchi zetu waandishi wa nadra ni wengi.

Kuna wageni wengine wa kudumu. Makampuni makubwa yana kompyuta nyingi za kupeleka barua, na barua iliyokataliwa ikiwa mikononi mwa kompyuta moja huenda ikarudishwa na nyingine, yenye anwani nyingine ya tarakimu; bawabu humwona kuwa mgeni mpya na kuanza kuhesabu upya. Kwa sababu hiyo Postgrey hupuuza sehemu ya mwisho ya anwani na kuwahesabu majirani wa mtaa mmoja kuwa mtu mmoja. Mifumo mingine huandika juu ya bahasha anwani ya mtumaji iliyo tofauti kwa kila barua, ili ijue ipi imerudishwa. Hao hawazoeleki kamwe.

Kosa baya kuliko yote katika upimaji huu ni lile lisiloonekana. Vichwa vya barua tunavyovisoma ni vya barua zilizofika. Barua iliyoambiwa irudi baadaye na isirudi haina muhuri wowote wa kusoma. Ni sawa na mwalimu wa zamu anayetaka kujua wanafunzi wanachelewa kiasi gani, akawauliza waliokwisha kuingia darasani. Waliokata tamaa na kurudi nyumbani hawamo katika daftari lake. Kwa hiyo vichwa vya barua havitoshi. Hatuna budi kufungua kumbukumbu za mtambo wenyewe na kuorodhesha kila aliyejibiwa 451, kisha kutafuta nani alirudi. Wengi wa wasiorudi ni wapeleka taka, na hiyo ndiyo kazi iliyokusudiwa. Lakini miongoni mwao wanaweza kuwamo watumaji halali wenye programu mbovu iliyoandikwa bila foleni. Upande wa pili nao si safi: utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ambao Davide Balzarotti wa Ufaransa alikuwa mmoja wa waandishi wake, ulionyesha kwamba baadhi ya programu haramu, kama ile iitwayo Kelihos, zilikuwa zimejifunza kurudia. Kurudi siku hizi si ushahidi kamili wa uungwana.

Mwalimu aliniuliza angefanya nini jioni ile. Kwa kuwa bawabu hatazami barua bali vitambulisho vitatu tu, ombi la pili lililotumwa baada ya dakika 25 tangu lile la kwanza lingepita papo hapo, maadamu anwani ya mtumaji juu ya bahasha ni ile ile. Yeye aliomba la pili baada ya dakika 16, mara tu tarakimu za kwanza zilipokwisha muda. Angengoja dakika kumi zaidi ndipo aombe, angezipata kwa sekunde chache, ingawa tarakimu za zamani nazo zingeweza kuingia nyuma yake na kumchanganya.

Fundi alikubali kupunguza muda hadi dakika tano na kuwaweka wasimamizi wa mitihani na mashindano katika orodha nyeupe. Nilimwomba pia anionyeshe kumbukumbu za miezi iliyopita, tukakaa alasiri nzima tukizipitia mstari kwa mstari. Katikati ya mamia ya majina ya ovyo ya wapeleka taka tulikuta anwani ya msambazaji wa kemikali za maabara. Alikuwa amebisha hodi mara moja, akajibiwa 451, na hakurudi. Mwalimu wa kemia, tulipomwita, alisema kwamba bado anaingoja ile ankara.